Nililia, Kocha Akaondoka

Mlioanza nami tangu nilipofukuzwa kiwanda cha jibini mnanijua. Wewe unayeingia leo, karibu, nikuweke sawa kwa maneno machache.

Mimi ni Saloma Yutzy, Mwamishi, wa wale Wakristo wa mashambani wanaosafiri kwa farasi, miaka ishirini na mitatu. Kwetu shule inaishia darasa la nane, na mimi nililimaliza vizuri. Nimeshafukuzwa kazi tatu. Ya nne ni hii ya kufua nguo za timu ya mpira ya Chuo cha Tamarack, hapa Ohio, Marekani. Si mpira wa kupiga kwa mguu, ni ule wa umbo la yai, wa kubeba mikononi na kuangushana. Wachezaji sitini na mmoja, soksi mia moja ishirini na mbili, na tope la kutosha kupanda viazi.

Wiki iliyopita niliwaacha pale Rais wa chuo, Dakta Thurlow Beecham, alipoingia chumba changu cha kufulia akaanza kuupima ukuta kwa hatua zake.

"Timu ikiingia fainali ya ligi, inaishi," aliniambia. "Isipoingia, Jumatatu naivunja. Uwanja unakuwa maegesho ya magari."

"Na mimi, bosi?"

"Magari hayavai soksi, binti."

Maana yake ningerudi nyumbani, ambako Enos Troyer, mgane mwenye watoto saba, alikuwa ameshapaka rangi chumba kimoja cha ziada bila kuniuliza napenda rangi gani.

Sasa tuendelee.

Jumamosi ikafika, mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida. Tulishinda. Sitaki kuwadanganya kwamba niliona vizuri. Niliona rundo la watu kwenye tope, na chini ya rundo hilo Desmond Tuggle, nahodha wetu, kilo mia na arobaini, ameukumbatia mpira kama mtoto mchanga. Wenzangu walikuwa wanaruka. Mimi nilikuwa nawaza lile shati litalowekwa siku mbili.

Jioni Tuggle aliniletea nguo zake mwenyewe. Ana adabu huyo kijana.

"Dada Saloma, kuna balaa," akasema.

"Si mmeshinda?"

"Tumeshinda. Na Pruitt wameshinda, na Mtakatifu Columba wameshinda. Grissom wako kileleni, fainali wameshaingia. Nafasi imebaki moja, na sisi watatu tuko sawasawa."

"Si mliwapiga Pruitt?"

"Tuliwapiga. Lakini Pruitt waliwapiga Columba, na Columba wakatupiga sisi."

"Hesabuni pointi, basi."

"Zimehesabiwa. Sawa. Za kufungwa sawa. Mpaka makosa ya adhabu wamehesabu, sawa. Imebaki ukurasa wa mwisho wa kitabu cha kanuni. Kura ya kuchota karatasi."

Niliposikia neno hilo nilikaa kwenye ndoo. Kwetu neno kura halitajwi huku mtu anatafuna mkate.

"Pole," nikamwambia.

"Pole ya nini? Nafasi moja kati ya tatu, dada. Si haba."

Nilidhani ni ujana tu unamsumbua.

Jumatatu saa nne asubuhi ukumbi wetu wa mazoezi ulijaa. Walichagua Tamarack kwa sababu tuko katikati ya vyuo vyote vitatu. Wageni walikuwa wengi hata magari yakaegeshwa mpaka nyuma ya jiko. Wachezaji wetu sitini na mmoja walikaa kwenye ngazi za kushoto, wamevaa tai. Upande wa kulia walikaa wageni, wamevaa nyuso za watu waliokuja kwenye msiba wa jirani wasiyempenda.

Msimamizi wa ligi, Bi. Corliss Underhill, ni mama mfupi mwenye sauti ya kengele ya shule. Jambo la kwanza alilofanya ni kunichukulia kapu langu.

"Simu zote humu," akasema. "Mwaka jana matokeo yalifika Indiana kabla sijamaliza sentensi."

Wakatumbukiza simu zao juu ya soksi zangu safi. Hakuna aliyeniuliza.

Jambo la pili likawa gumu zaidi. Nani achukue kura?

Bi. Underhill alimtaja mwalimu wa mazoezi. Kocha wa Pruitt, Gage Rudd, akakataa. Huyu Rudd ana shingo fupi na meno meupe sana, na huongea kama mtu anayekuuzia gari.

"Huyo mwalimu mkewe amesoma Columba," akasema.

Akatajwa mtunza maktaba. Kocha wa Columba, Padri Emeric, mwenye filimbi na rozari shingoni, akakataa. Eti mtunza maktaba ana shangazi Pruitt.

Akatajwa mpwa wa Bi. Underhill. Hapo hata kocha wetu, Lyle Haddix, akatikisa kichwa. Haddix ni mtu mrefu wa maneno mafupi. Ameifundisha Tamarack miaka kumi na tisa na fainali hajaikanyaga.

"Basi mnataka malaika?" Bi. Underhill akauliza.

Wakati huo mimi nilikuwa nimechuchumaa pembeni, natoa soksi chini ya simu moja moja zisipate mikunjo. Rudd akanielekezea kidole.

"Yule pale mwenye kofia nyeupe. Huyo namkubali."

"Ni mfanyakazi wa Tamarack," Padri akasema.

"Padri, hawa watu hawadanganyi. Miaka kumi nanunua jibini kwao, mizani haijanipunja hata gramu moja. Wewe binti, unashabikia timu gani?"

"Sishabikii. Nafua."

"Kanuni za mpira unazijua?"

"Najua damu hutolewa kwa maji baridi."

Ukumbi ukacheka. Padri akainua mikono, amekubali. Bi. Underhill akaniita mbele.

Karatasi tatu zilikunjwa mbele ya kila mtu, zikatiwa ndani ya kofia ngumu ya mchezaji. Nilikuwa nimeiosha mwenyewe Jumapili... hapana, Jumamosi, Jumapili sifui. Bado ilinukia ndimu.

"Chukua moja, fungua, soma kwa sauti," Bi. Underhill akasema. "Ni hivyo tu."

Ni hivyo tu, anasema.

Nikaingiza mkono. Nikatoa karatasi, nikaikunjua, nikaona herufi kubwa za wino mweusi.

Machozi yakanitoka kabla sijafikiri lolote, tena si machozi ya kufuta kwa kidole, ni yale ya kudondokea kifuani.

"Soma, binti," Bi. Underhill akasema.

Sikuweza. Nikatikisa kichwa.

"Soma tu jina."

Nikafumba ngumi, karatasi ikiwa ndani. Miguu ikanipeleka yenyewe mpaka alipokaa Kocha Haddix. Nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili, kama inavyotakiwa.

"Pole sana, Kocha," nikasema. "Pole sana. Mungu akutie nguvu."

Ukumbi wote ulisikia.

Upande wa kushoto vijana sitini waliinamisha vichwa kwa pamoja. Tuggle akajifunika uso na tai. Upande wa kulia Rudd alimkumbatia Padri Emeric, kisha wote wawili wakaachana haraka, wamekumbuka kwamba nafasi ni moja.

Kocha Haddix akanipigapiga bega.

"Asante, binti. Usilie. Ni mpira tu."

Huko kujikaza kwake ndiko kulikozidi kuniliza.

Akasimama. Akatoa funguo za uwanja mfukoni, akaziweka juu ya meza mbele ya Dakta Beecham.

"Haya, Rais. Weka magari yako. Mimi nimeacha kazi."

Kisha akanigeukia mimi, kwa sababu nilikuwa bado nimeng'ang'ania mkono wake.

"Hawa watoto nakuachia wewe, Saloma. Sina tena neno nao."

"Haya, Kocha," nikamwitikia, nikivuta makamasi.

Akavaa kofia yake ya kuwindia, akatoka kwa mlango wa jikoni. Alikuwa anapenda kusema kwamba siku akiacha mpira atakwenda porini kuwinda kulungu, na hata Krismasi asitafutwe.

Dakta Beecham hakupoteza muda. Alikuwa amekuja na bwana mmoja mwenye mchoro mkubwa uliokunjwa. Wakautandaza sakafuni palepale, wakapiga magoti kando yake.

"Lango la kuingilia liwe hapa, kwenye ile mistari ya goli," Rais akasema. "Malori ya lami yanaweza kuanza lini?"

"Bi. Underhill," Rudd akaita, "tumalize basi. Ni sisi au ni Padri?"

Bi. Underhill akaja kwangu. Alinifungua ngumi kidole kimoja kimoja kama mtu anayemnyang'anya mtoto peremende. Akaikunjua karatasi iliyolowa. Akaisoma. Akaisoma tena kwa kuisogeza mbali na macho.

"Tamarack," akasema.

"Tamarack nini?" Rudd akauliza.

"Tamarack ndio walioandikwa hapa. Tamarack wameingia fainali."

Tuggle akatoa uso ndani ya tai.

"Dada Saloma," akasema taratibu, "sasa wewe ulikuwa unalia nini?"

"Kura imetuangukia."

"Ndiyo, imetuangukia. Tunakwenda fainali."

"Ndiyo maana nikampa pole."

Hapa ndipo ninapokiri, wasomaji wangu, na nyinyi mtanihukumu.

Kwetu kura ndiyo inayochagua mhubiri. Wanaume waliotajwa hupanga mstari, kila mmoja akachukua kitabu cha nyimbo mezani. Ndani ya kitabu kimoja kuna karatasi. Atakayeikuta, maisha yake yamekwisha. Hana mshahara, hana likizo, hawezi kukataa, na atahubiri saa nzima bila kusoma popote mpaka siku anazikwa. Baba yangu mdogo Perry alipoikuta karatasi yake, mkewe alilia hata farasi nje wakarudi nyuma na magari waliyofungiwa. Na sisi wote hulia pamoja nao, tukapita mmoja mmoja kuwapa pole. Ndiyo heshima. Asiyelia huangaliwa vibaya mwaka mzima.

Nilikuwa nimeona kura mara nne maishani mwangu, na mara zote nne nililia. Hakuna aliyeniambia kwamba kuna watu duniani wanaoangukiwa na kura wakafurahi.

Niliwaeleza hivyo hivyo pale ukumbini. Padri Emeric alicheka mpaka akashika mbavu.

"Na mapadri nao wangeliliwa hivi," akasema, "tungekuwa wanyenyekevu zaidi."

Vijana wetu sasa walikuwa wanarukaruka kwenye ngazi. Watatu waliutembeza juu ya mabega yao mchoro wa maegesho, na bwana wa mchoro akiwafuata nyuma anaomba.

Dakta Beecham peke yake ndiye aliyekuwa ametulia. Alikuwa ameshika kitabu cha kanuni, anasoma ukurasa kwa kidole. Nilikiangalia kidole hicho. Kilisimama.

"Bi. Underhill," akasema, "hii fomu ya kukubali nafasi inasainiwa na nani?"

"Kocha mkuu. Kwa mkono wake, mbele yangu, kabla ya saa sita mchana. La sivyo nafasi inarudi kwenye kura kwa hao wawili waliobaki."

"Na sasa ni saa ngapi?"

Wote tuliiangalia saa ya ukutani. Saa sita kasoro dakika kumi na saba.

"Basi poleni," Rais akasema, naye hakuwa analia. "Kocha ameacha kazi mbele ya mashahidi mia mbili."

Tuggle alishaanza kukimbia. Sikujua mtu wa kilo zile anaweza kukimbia vile akiwa amevaa viatu vya ngozi. Alitokea mlango wa mbele, akarudi anahema.

"Nafasi anapoegesha kila siku iko tupu. Ameondoka."

"Mpigieni simu," mtu akasema.

Tuggle akachota simu yake kapuni, akapiga. Kapu langu likaanza kuimba. Simu ya Kocha ilikuwa chini kabisa, imejisokota ndani ya soksi ya nambari thelathini na tatu.

"Wasaidizi wake je?" Bi. Underhill akauliza.

"Wote wawili wako safarini Kentucky, wanatafuta wachezaji wa mwaka ujao," Tuggle akasema.

"Mwaka ujao niliufuta Ijumaa," Rais akasema. "Hawakuambiwa?"

Saa sita kasoro dakika kumi na mbili. Rudd alikuwa ameshaanza kukunja karatasi mbili mpya kwa ajili ya kura nyingine.

Hapo Tuggle akasimama katikati ya uwanja wa ndani, akanyoosha suti yake.

"Kocha tunaye," akasema.

"Nani?"

Akaninyooshea mkono mimi.

Niligeuka nyuma kuangalia amesimama nani. Kulikuwa na ukuta.

"Kocha Haddix alimkabidhi timu kabla hajatoka," Tuggle akasema. "Alisema, 'Hawa watoto nakuachia wewe.' Nani hakusikia?"

"Tumesikia," vijana wakaitikia, sauti sitini kwa pamoja.

"Huu ni upuuzi," Rudd akasema.

"Si wewe uliyesema hawa hawadanganyi?" Padri akamuuliza. "Mwulize mwenyewe, basi."

Bi. Underhill akavua miwani. "Binti, alisema nini hasa? Maneno yake."

"Alisema, 'Hawa watoto nakuachia wewe, Saloma. Sina tena neno nao.'"

"Na wewe ulijibu nini?"

"Nilijibu, 'Haya, Kocha.'"

"Kwa hiyo wewe ndiye kocha wa Tamarack?"

"Mimi ni mfuaji."

Nikamsikia Tuggle akitoa pumzi kama tairi. Lakini mtu akiniuliza mimi ni nani, nitasema nini kingine?

"Sikiliza vizuri," Bi. Underhill akasema. "Alikuachia timu?"

"Aliniachia."

"Ulikataa?"

"Sikukataa."

"Leo, saa hii, kuna mtu mwingine aliyeachiwa timu hii zaidi yako?"

Nikafikiri. Mimi huwa sijibu haraka, na saa ya ukutani ilikuwa inanisubiri kwa kelele.

"Hayupo."

"Bi. Underhill, tuwe watu wazima," Rudd akaingilia. "Kocha ni lazima ajue mchezo. Namuuliza swali moja. Akilijibu, nakaa kimya mpaka kesho. Binti, kama ungekutana na Pruitt Jumamosi, ungewapigia upande gani?"

"Kushoto," nikasema.

"Kwa nini kushoto?"

"Mlipokuja kucheza hapa Oktoba mliacha taulo, soksi na bandeji, nikazifua mimi. Nambari yenu hamsini na mbili anafunga kifundo cha mguu wa kushoto bandeji mbili na kuvaa soksi juu yake zisionekane. Zilikuwa na dawa ya kuchua, ile kali. Anaumwa, nanyi mnamficha. Na huyo ndiye anayelinda upande wenu wa kushoto."

Rudd akazitia mfukoni zile karatasi mbili alizokunja.

"Nambari ishirini wa Columba naye—"

"Inatosha, mwanangu," Padri Emeric akasema haraka. "Mimi nimeridhika. Asaini."

Vijana wakapiga miguu kwenye ngazi mpaka vumbi likashuka kutoka kwenye taa. Mimi nilikuwa sioni cha kushangilia. Mtu yeyote anayefua angejua.

Bi. Underhill akaniwekea fomu mbele. Kalamu yake ilivuja, ikanipaka wino kidole gumba. Niliandika jina langu polepole kwa mwandiko wa kuunganisha, kama mwalimu wetu Lizbet alivyotufundisha, na mkia kwenye herufi ya mwisho. Dakta Beecham alisimama nyuma ya bega langu akihesabu sekunde kwa sauti ya chini.

Bi. Underhill akaandika wakati: saa sita kasoro dakika moja. Akapiga muhuri.

"Tamarack," akasema, "Jumamosi mtacheza na Grissom. Kocha Yutzy, hongera."

"Asante," nikasema. Kisha nikaongeza, maana sikutaka ionekane nimeficha jambo, "Kulungu huwa wanakaa mbali? Ningependa Kocha Haddix aje anichukulie hii kazi kabla ya Jumamosi."

"Akirudi kesho umwajiri, ni timu yako," Bi. Underhill akasema. "Ilimradi leo saa sita kocha uwe wewe."

Tuggle alininyanyua na kiti changu. Nikiwa kule juu nilimwona Rais akiukunja mchoro wake, na nilimwona Enos Troyer, kwa mawazo tu, akikifunga mlango wa kile chumba chake kilichopakwa rangi. Nilijisikia vizuri, nakiri. Ilidumu kama dakika mbili.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa.

Kocha Haddix akaingia, theluji imemjaa mabegani na kwenye kofia. Pua ilikuwa nyekundu kama nyanya.

"Samahanini," akasema. "Nani mwenye gari la bluu? Ameniegeshea nyuma ya pikapu. Nimepiga honi huko nyuma nusu saa nzima, sasa betri imekufa."

Tuggle akanishusha chini bila kuniangalia.

Kumbe siku ile, kwa wingi wa wageni, Kocha aliegesha nyuma ya jiko. Hakuwa ameenda popote. Alikuwa hatua hamsini kutoka kwetu muda wote tuliokuwa tunamlilia.

"Gari la bluu ni langu," Rudd akasema.

Akatoa ufunguo mfukoni, akauinua juu kila mtu auone. Meno yake yote yalikuwa nje.

"Nakutolea sasa hivi, ndugu yangu Haddix. Ila kabla sijaenda, tusaidie jambo dogo, mbele ya Bi. Underhill. Kocha wa Tamarack ni nani?"

"Mwambie—" Tuggle akaanza.

"Kimya," Bi. Underhill akakata. "Wote. Atakayemsaidia hata kwa kukohoa, nachana fomu. Kama mtu huyu bado ni kocha, basi nimepigia muhuri sahihi isiyo yake, na saa sita imeshapita."

Hebu mwoneni Kocha Haddix pale alipo. Hajui ni jina gani lililokuwa kwenye karatasi. Kwa akili yake sisi tumekwisha kutolewa, na hakuna cha kupoteza. Akisema "ni mimi", kama alivyosema kila siku kwa miaka kumi na tisa, timu imekufa na kinywa chake ndicho kilichoiua. Akisema "si mimi", fainali aliyoisubiri tangu ana nywele nyeusi anaipa mwanamke anayejua soksi, angalau mpaka kesho.

Alituangalia. Aliona vijana wamesimama juu ya ngazi bila sababu anayoielewa. Aliona Rais wa chuo ameshika mchoro uliokanyagwa. Aliona kalamu, muhuri, na kidole changu chenye wino.

"Swali gani hilo, Rudd?" akasema. "Umeniziba njia nusu saa ili uniulize hilo?"

"Jibu tu. Neno moja."

Kocha akavua kofia, akaikung'uta theluji gotini. Alikuwa anafikiri, na mtu mwenye maneno machache akifikiri hufikiri kwa muda mrefu. Kisha akafanya kile ambacho mtu yeyote hufanya asipoelewa kinachoendelea. Akatafuta uso mmoja anaouamini, ausome.

Akautafuta wangu.

Sikuruhusiwa kusema. Sikuruhusiwa kukohoa. Kukonyeza sijui, na ningejua nisingefanya. Nilichobaki nacho ni uso tu, na uso wenyewe ulishampoteza mara moja siku hiyohiyo.

Nikaukaza huo uso usiseme chochote. Nikauma mdomo. Nikaiangalia saa, nikaangalia taa, nikahesabu soksi kichwani.

Machozi yakaanza kutoka.

Kocha Haddix akayaona. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekwisha kuelewa kila kitu, akamgeukia Rudd na kufungua mdomo. Alichosema, nitawaambia wiki ijayo.